Maswali ya Wasomaji: Vitu vya wazee wetu vilivyo Ulaya

Toleo lililopita lilibeba habari ya mazungumzo kati ya Tanzania na Ujerumani kuhusu mabaki ya watu na vitu vya kale vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Barua zilizofuata zimetoka karibu kila pembe ya Kanda ya Ziwa, na kwa kuwa nyingi zinauliza mambo yanayokaribiana, tumechagua chache zilizouliza waziwazi. Majina ya waandishi hatukuyachapa.

Nani anavidai?

*Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika sekondari moja wilayani Magu. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa. Walipomaliza kutazama ngoma za watemi, mmoja akaniuliza: "Mwalimu, hizi ni zile zilizobaki. Zilizochukuliwa ziko wapi, na nani anazidai?" Naomba jibu ambalo nitaweza kulipeleka darasani.*
Mwalimu wa historia, Magu

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza maswali mawili kwa mpigo, na ni vigumu kulijibu la pili kabla ya kulimaliza la kwanza.

Mlivyoviona Bujora vilinusurika kwa sababu vilikusanywa na kubaki hapa hapa. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliianza kazi hiyo miaka ya 1950, na ndiyo maana leo mtu anaweza kuingia katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi, akatazama ngoma za utawala, kisha akasimuliwa habari za Bagika na Bagalu katika nchi ambayo vyama hivyo bado vinashindana kwa ngoma. Lakini miongo kadhaa kabla ya Padri Clement, wakusanyaji wa namna nyingine walikuwa wameshapita, na wao hawakukusanya ili vitu vibaki.

Sehemu kubwa ya vitu vilivyotoka Tanganyika wakati wa Mjerumani iko Berlin, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vyote vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na dola katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin, na baadaye agizo hilo likawahusu pia maofisa waliokuwa kazini huku. Makumbusho ya miji mingine, kama Stuttgart, Leipzig na Bremen, nayo yalijipatia ya kwao kwa kununua, kwa kubadilishana, au kwa kuwabembeleza maofisa wawapelekee chochote. Kituo cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890, na cha Mwanza katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo ofisa aliyekaa ufukweni mwa ziwa letu, mbali na kutoza kodi na kuamuru askari, alikuwa na kazi nyingine isiyosemwa sana katika vitabu vya shule, nayo ni kufunga mizigo ya mikuki, ngao, viti, ngoma na hirizi, ili wapagazi waibebe hadi pwani na meli iichukue.

Mfano mmoja uliochapishwa katika vitabu vingi vya sanaa ya Kiafrika ni kiti cha mtawala wa Buruku, kutoka upande wa Unyamwezi, jirani kabisa na Usukuma. Ni kiti cha mbao chenye pahali pa kukalia pa duara, miguu mitatu, na egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, kiasi kwamba mtawala alipoketi alikuwa na mtu mwingine nyuma ya mgongo wake. Kiti hicho kiko Berlin. Wanafunzi wako waliosimama ndani ya jengo la Bujora wataielewa picha yake mara moja, kuliko atakavyoielewa mtalii anayekitazama ndani ya kioo.

Namna ya kuvichukua haikuwa moja. Vingine vilikuwa nyara za vita, vilivyobebwa siku boma lilipochomwa. Vingine vilitolewa kama faini, au kama zawadi na mtawala ambaye jirani yake alikuwa ameshanyongwa, na zawadi ya namna hiyo inahitaji kutazamwa kwa jicho la pili. Vingine vilinunuliwa kwa shanga na kitambaa, na vichache vilinunuliwa kwa bei ambayo mwenyewe aliiridhia. Tunaliweka hili wazi kwa sababu wapo wanaosema kila kitu kiliibwa, na wapo wanaosema kila kitu kilinunuliwa. Wote wawili wanamrahisishia kazi yule asiyetaka kurudisha chochote, kwa maana madai yanayojumlisha huangushwa na mfano mmoja tu.

Sasa nani anadai? Mdai katika mambo haya ni dola, kupitia wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, ambayo ni ya Maliasili na Utalii, pamoja na Makumbusho ya Taifa na wanadiplomasia. Na madai yetu hayakuanza jana. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda Bremen akachagua fuvu moja kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo vya umbo la kichwa na vile vya jamaa wa marehemu, na mwezi Juni 1954 akalikabidhi Kalenga, Iringa, ambako liko mpaka leo. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka njia hiyo ya utambuzi, na shaka yao ni ya haki.

Siku hizi vipimo ni vingine. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na 202 yakiwa ya Tanzania. Kwa machache yaliyokuwa na maandishi ya kutosha, vinasaba vilichukuliwa na kulinganishwa na vya watu walio hai huko Kilimanjaro na Meru, na ndugu wakapatikana, wakiwamo wajukuu wa akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi mwezi Machi 1900, bado anatafutwa na ukoo wake.

Mwaka huo huo wa 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja nchini. Jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alisema serikali iko tayari kufungua mazungumzo, na tarehe 1 Novemba mgeni huyo akaenda Songea, mahali ambapo mashujaa wa Majimaji walinyongwa na kuzikwa kaburi moja mwaka 1906, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 onyesho la historia ya Tanzania likafunguliwa katika jumba la Humboldt Forum jijini Berlin, likiwa limeandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho yetu ya Taifa. Onyesho si urejeshaji, na msamaha si urejeshaji. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kukiri mbele ya kaburi atapata taabu kuruka maneno yake mezani.

Wanafunzi wako waelezwe pia kwamba sheria ya kimataifa haitusaidii sana kwa vitu vya zamani hizo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, unazuia biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini haurudi nyuma hadi enzi za Mjerumani. Ndiyo maana kesi hizi huamuliwa zaidi kwa siasa, kwa ushahidi wa historia na kwa aibu, kuliko kwa hakimu.

Hatuna karatasi, tuna masimulizi

*Mhariri, mimi ni mzee wa ukoo hapa Nansio, Ukerewe. Marehemu babu alitusimulia kwamba Wajerumani waliondoka na kiti na mkuki wa ukoo wetu. Hatuna karatasi yoyote. Je, masimulizi yanatosha? Na kama vitapatikana, vitarudi kwetu au vitaishia Dar es Salaam?*
Mzee wa ukoo, Nansio

Shikamoo mzee wetu. Barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Masimulizi peke yake hayatoshi, lakini bila masimulizi karatasi za Berlin nazo hazitoshi. Makumbusho yana daftari zinazosema kitu kimeingia lini, kimeletwa na nani na kimetoka wapi, na mara nyingi safu ya mwenyewe wa kwanza haina kitu. Aliyeandika hakumwuliza jina. Jina hilo, pamoja na sababu ya kitu kutoka mikononi mwa watu, mnalo ninyi. Wataalamu waliofuatilia vitu vya Tanzania vilivyoko Berlin katika muongo uliopita walilazimika kuja huku na picha mikononi kuwauliza wazee, kwa kuwa daftari lilikuwa limekwama.

Ushauri wetu ni kwamba muanze na kuandika, na muandike mapema, kwa maana waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa walioona wanapungua kila msimu wa mvua. Andikeni jina la aliyekuwa na kiti, la baba yake na la kijiji chake kama kilivyoitwa wakati ule, kisha mseme kiti kilikuwa na miguu mingapi, kilichongwa mti gani, kilikuwa na alama au shanga gani, na nani aliruhusiwa kukikalia. Kama wazee wawili wanatofautiana, yaandikeni yote mawili. Msiyapatanishe ili hadithi ipendeze, kwani mtafiti anayaamini zaidi maelezo yenye mkwaruzo kuliko yaliyonyooshwa. Kisha mrekodini mzee kwa simu akisema kwa Kikerewe chake mwenyewe, wala msimtake atafsiri. Tafsiri itafanywa baadaye na kijana.

Kijana huyo huyo anaweza kuwasaidia katika jambo la pili. Makumbusho makubwa ya Berlin na London yameweka sehemu ya makusanyo yao kwenye intaneti, pamoja na picha. Atafute kwa majina yalivyoandikwa na Wajerumani, mathalani Muansa badala ya Mwanza, na asiishie kwenye neno Ukerewe tu, maana kitu kinaweza kuwa kimeandikwa Viktoria-See bila zaidi. Vitu vya Afrika Mashariki vilivyo Berlin vina namba zinazoanza na III E, na namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwa wino juu ya kitu chenyewe, kwenye mguu wa kiti au chini ya ngoma. Mkipata picha inayofanana na maelezo ya babu, namba hiyo ndiyo ya kuandika katika barua yenu kwa Makumbusho ya Taifa, na nakala ibaki kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Msiandike moja kwa moja kwa makumbusho ya nje mkidai mrudishiwe. Mtajibiwa kwa adabu kwamba wao huzungumza na serikali.

Kuhusu swali lako la mwisho, mzee, umegusa kidonda ambacho nchi nyingine zimekwisha kukikwaruza. Nigeria iliporejeshewa umiliki wa shaba za Benin, ufalme wa kale ulio ndani ya Nigeria, mjadala ulizuka ndani ya nchi yenyewe kati ya wanaotaka ziwe katika makumbusho ya dola na wanaosema ni mali ya jumba la mfalme zilikoporwa na Waingereza mwaka 1897. Mwezi Machi 2023 rais wa nchi hiyo akatangaza kwamba mwenyewe ni Oba, yaani mfalme, wa Benin, na baadhi ya watu Ulaya wakapiga kelele kwamba mali ya umma imegeuzwa mali ya familia. Kelele hizo hazina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu aliyeporwa siku ile alikuwa Oba, na dola ya Nigeria haikuwapo. Hapa kwetu mdai ni dola, lakini fuvu la Mkwawa halikuwekwa Dar es Salaam. Liko Kalenga, kwa watu wake. Mfano huo upo, umesimama miaka zaidi ya sabini, na ninyi mnaweza kuutaja katika barua yenu bila kumwomba mtu samahani.

Mafuvu yanalipa ada?

*Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nimesoma habari zenu nikajiuliza: kwa nini serikali ihangaike na vinyago na mafuvu wakati sisi tunahangaika na ada za watoto? Tena vikirudi si vitaibiwa vyote? Huko vinatunzwa.*
Mama wa dagaa, Mwaloni

Mama, swali lako ni la haki. Hatutakwambia kwamba kiti cha Buruku kikirudi bei ya dagaa itapanda.

Tuanze na mafuvu, kwa sababu hayo si vinyago. Ni watu. Wana wajukuu ambao hawajawazika, na kwa hesabu ya Wachaga au ya Wasukuma, msiba usiozikwa haujaisha. Familia zilizotoa vinasaba kule Meru na Kilimanjaro hazikuwa zikidai fedha wala umaarufu, bali ruhusa ya kufanya matanga waliyonyimwa mababu zao. Mama aliyewahi kungoja maiti ya aliyezama ziwani anajua maana ya kungoja hivyo.

Ama kuhusu wizi, usemalo ni kweli na tusilifiche. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalivunjwa na kuibiwa vitu kadhaa, kikiwamo kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani. Mwaka uliofuata makumbusho ya binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, yakakinunua sokoni. Kilitambuliwa mwaka 1990, na ikachukua miaka ishirini ya barua na vikao mpaka kikakabidhiwa kwa Tanzania mwezi Mei 2010. Kwa hiyo mlango wetu uliwahi kuachwa wazi.

Lakini utazame na upande wa pili. Mwezi Agosti 2023 Makumbusho ya Uingereza jijini London, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakijibu kila dai kwa kusema kwamba kwao vitu viko salama, yalitangaza kwamba vitu vyao vingi vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na baadaye ikaelezwa kuwa ni karibu 2,000. Mkurugenzi akajiuzulu. Vingi vya hivyo vilikuwa vito vidogo ambavyo havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo, na kitu kisichoorodheshwa kinaweza kuibwa hata ndani ya jumba lenye walinzi mia. Ukituuliza fedha ya kwanza itumike wapi, tutasema kwenye orodha, picha na kufuli za makumbusho tulizo nazo, Bujora ikiwamo, kabla ya kujenga jumba jipya la kupokelea wageni. Hili twalisema tukijua halitawapendeza wanaopenda kukata utepe.

Jirani zetu wamepata nini?

*Naishi Bukoba na nina ndugu Kampala. Wananiambia Uganda imerudishiwa vitu na Cambridge, wengine wanasema imeazimwa tu. Ipi ni kweli? Na Waingereza wana nini kutoka kwenye ziwa letu?*
Msomaji, Bukoba

Yote mawili ni kweli, kwa nyakati tofauti. Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka Kampala vitu 39, na makubaliano yakawa ni ya mkopo wa miaka mitatu kwa kuanzia. Lakini chuo hicho hicho kilikwisha kurudisha vitu moja kwa moja zaidi ya miaka sitini iliyopita, na hivyo vinahusu ziwa letu kabisa. Kibuuka, ambaye Waganda walimwabudu kama mungu wa vita, kwa masimulizi yao alitoka visiwa vya Ssese. Mabaki yake, ukiwamo mfupa wa taya, yalihifadhiwa Mbaale, mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini mmisionari John Roscoe alipoyapata kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, na kuyapeleka Cambridge. Yalirudi Uganda wakati wa uhuru, mwaka 1962, na yako katika makumbusho ya Kampala. Angalia mambo yalivyo: mwaka 1962 walirudisha bila masharti, na mwaka 2024 wakaazima.

Kipo pia ambacho hakijarudi. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha gereza la Luzira, hatua chache kutoka ziwani, walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchomwa, kikiwamo kichwa chenye macho mazito na midomo iliyochomoza. Hakuna sanamu nyingi za aina yake zilizopatikana pande hizi za ziwa, na wataalamu wamekuwa wakiitafutia ndugu tangu hapo. Kichwa cha Luzira kiko London.

Makumbusho ya Uingereza ya London yanajitetea kwa sheria ya mwaka 1963 inayoyazuia kutoa kitu chochote katika mkusanyo wao, isipokuwa kwa sababu chache sana. Ndiyo maana Ghana nayo, ilipopelekewa dhahabu za Waashanti mwaka 2024, ilizipata kwa mkopo, wakati makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalirudisha ya kwao saba moja kwa moja mwaka huo huo. Ufaransa ilikuwa na kizuizi kama hicho, ikatunga sheria mwaka 2020 ili iweze kuipa nchi ya Benin, jirani ya Nigeria, vitu 26 vya jumba la kifalme la Abomey, vikapokelewa mwezi Novemba 2021. Sheria iliyotungwa na bunge hubadilishwa na bunge, na mtu asemaye mikono yake imefungwa aulizwe kamba ni ya nani.

Mkopo una ubaya wake na una uzuri wake. Ubaya ni kwamba ukiupokea unakuwa umetia saini karatasi inayokutaja kama mwazimwaji wa kiti cha babu yako. Uzuri ni kwamba kitu kinafika, watu wanakiona, mafundi wanakipima, na watoto wanajua kipo. Ujerumani na Nigeria walipita njia ya kinyume mwaka 2022: umiliki ulihamia Nigeria kwanza, kisha baadhi ya shaba zikaachwa Berlin kwa mkopo kutoka kwa wenyewe. Kama sisi tungeulizwa, tungechagua njia hiyo ya pili hata kama kitu kingechelewa miaka kumi kufika Mwanza.

Na yule mjusi wa Lindi?

*Mjusi mkubwa aliyeko Berlin ni mali ya utamaduni au siyo? Tumebishana sana hosteli.*
Mwanachuo, Nyegezi

Kwa maana ya kawaida siyo, kwa kuwa ni dinosaria, hakutengenezwa na mtu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa mikono ya mamia ya vibarua wa huko huko walioibeba kichwani hadi bandarini, na leo mjusi mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimama katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya Berlin. Mjadala wa kumrudisha umefika mara nyingi hata bungeni. Ila kesi yake huzungumzwa kwa hoja nyingine, za sayansi, gharama na mgawanyo wa mapato, na tungependa isichanganywe na ya mafuvu.

Mnunuzi amefika kijijini

*Huku Sengerema kuna mtu anapita na pikipiki akinunua viti vya zamani vya miguu mitatu, ngoma na mikuki. Analipa taslimu. Kijana wangu anataka kuuza ngoma ya babu yake. Je, ni kosa?*
Baba wa familia, Sengerema

Ndugu yetu, mzuie kijana kwanza, kisha muongee.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inadhibiti uuzaji wa vitu vya kale na vya asili, na inakataza kuvitoa nje ya nchi bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Inagusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, inagusa hata milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940, na ngoma ya utawala au ya mganga inaingia kirahisi katika kundi la vitu vya asili vinavyolindwa. Kiti kilichochongwa juzi kwa ajili ya kuuzwa ni biashara halali, na mchongaji asitishwe.

Mwambie mnunuzi akuonyeshe leseni. Asipokuwa nayo, andika namba ya pikipiki na upeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi. Ngoma yenyewe ipigeni picha leo: mbele, nyuma, chini, na karibu kabisa na kila ufa, kiraka au alama, mkiweka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Picha na maelezo hayo ndiyo yanayoiwezesha polisi ya kimataifa, Interpol, kukiingiza kitu kilichoibwa katika orodha yake, na orodha hiyo tangu mwaka 2021 inaweza kutazamwa na yeyote kwa programu ya simu ya bure iitwayo ID-Art. Kijana akiona nyumba ni ndogo na ngoma inaliwa na mchwa, aende azungumze na wahusika wa Bujora au na ofisa utamaduni kuhusu kuihifadhi, na kabla ya kuikabidhi aombe hati yenye jina la ukoo, tarehe na saini ya anayepokea.